Namna ya Kukusanya Mbegu za Mvule kwa Ajili ya Programu ya Uboreshaji

Anayeanzisha programu ya kuboresha mvule hana budi kuanza na idadi ya miti mama, kwa kuwa kitalu kinachotokana na mti mmoja ulionyooka kuliko mingine hujaa ndugu watupu, na ndugu hao wakija kuchavushana, vizazi vinavyofuata hudhoofu. Kusanya mbegu kutoka miti isiyopungua 30, iliyoachana kwa takriban mita 100, maana miti jirani mara nyingi ni ya ukoo mmoja.

Mvule una tabia moja inayowaponza wengi: mti dume na mti jike ni mbalimbali, na chavua husafirishwa na upepo. Kwa hiyo mti jike uliobaki peke yake shambani, hata uwe mnene kiasi gani, usiutegemee, kwani huenda mbegu zake zimetokana na madume wachache mno. Nenda penye kundi.

Chukua kiasi sawa kutoka kila mti, kisha hifadhi mbegu za kila mti katika mfuko wake wenye namba, mahali na tarehe. Zikishachanganyika, hakuna wa kuzitenganisha kwa macho.

Kitaluni, chunguza machipukizi yanayovimba vinundu kwa kushambuliwa na kidudu aina ya Phytolyma, kwa sababu familia, yaani miche ya mti mama mmoja mmoja, hutofautiana katika kukistahimili. Hata hivyo, chagua miche bora ndani ya familia nyingi badala ya kubakiza ile moja iliyoshinda.