Mbegu zilizotolewa korodanini: mbichi au za kugandishwa?
Kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji wa kutoa mbegu korodanini, ili zirutubishe mayai ya mke maabara, jua kwanza kwa nini shahawa hazina mbegu. Kama mirija imeziba (vasektomi, yaani kufunga uzazi kwa mwanamume, au maambukizi ya zamani), korodani bado zinazalisha vizuri. Toeni mbegu mapema, zigandishwe, mke aanze sindano za kukuza mayai bila haraka. Matokeo hayapishani sana na ya mbegu mbichi.

Kazi ipo pale korodani zenyewe zinapozalisha kwa shida. Mbegu huwa chache, nyingi hazichezi (hazijongei), na kugandisha huua baadhi yake. Ndiyo maana madaktari wengi hupasua siku ya kuvuna mayai au siku moja kabla. Sampuli ikilala kwenye inkubeta (kifaa cha maabara cha kutunza joto), baadhi ya mbegu huanza kucheza. Lakini upasuaji ukitoka kapa, mayai yameshavunwa. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kama yatagandishwa au mtatumia mbegu za mchangiaji.

Mkigandisha, sampuli igawanywe kwenye vichupa vidogo, kila kimoja kitoshe mzunguko mmoja wa matibabu, maana kugandisha tena huua mbegu zaidi. Mbegu huchanganywa na kimiminika cha kuzikinga na madhara ya kugandishwa, mara nyingi chenye gliseroli, kisha huwekwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Vichupa vikiwa vingi, kimoja kiyeyushwe kwa majaribio kabla ya sindano kuanza. Mbegu isiyocheza si lazima iwe imekufa: dawa iitwayo pentoksifilini huweza kuichangamsha, na kila yai hudungwa mbegu moja tu. Siku ya mayai, daktari mpasuaji awe karibu endapo zilizoyeyushwa hazitafaa.