Kumsaidia mzee kuacha sigara: anza na kopo la vichungi

Mzee aliyevuta sigara miaka 40 ameshahubiriwa vya kutosha. Kinachomfaa sasa ni dawa ya kipimo sahihi na mtu wa kukaa naye saa zile ngumu. Wala hajachelewa: anayeacha akiwa na miaka 60 hujiongezea, kwa wastani, miaka 3 hivi ya kuishi.

Hesabu kwanza. Hapa Nairobi wazee wengi hununua sigara moja moja kibandani, ingawa sheria ya 2007 hairuhusu, kwa hiyo swali la "pakiti ngapi kwa siku" halina jibu. Mpe kopo tupu la majani ya chai, atie humo kila kichungi cha sigara aliyovuta kwa siku 3. Andika pia anakaa dakika ngapi tangu kuamka kabla ya kuwasha ya kwanza.

Akivuta zaidi ya 10 kwa siku, plasta ya nikotini, ile ya kubandika kwenye ngozi kila siku ili kutuliza kiu ya sigara, huwa ya mg 21 kwa wiki 6, kisha mg 14 wiki 2, kisha mg 7 wiki 2. Akivuta 10 au chini, aanze na mg 14 kwa wiki 6, amalizie na mg 7 wiki 2. Ulizia mapema, maana si kila kemisti mtaani huweka.

Plasta nyingi hubanduka kwa sababu ya mafuta. Mzee akioga hujipaka mwili mzima, halafu plasta inateleza. Akaushe ngozi vizuri, abandike begani au mgongoni juu pasipo na nywele, akandamize kwa kiganja sekunde 10, ndipo ajipake mafuta kwingine. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba: sehemu moja isirudiwe kabla ya wiki kuisha. Ndoto zikimsumbua, aibandue kabla ya kulala.

Kiu ya ghafla ya sigara huhitaji chingamu ya nikotini juu ya plasta. Viwili pamoja hufanya kazi kuliko kimoja. Anayewasha ndani ya dakika 30 za kuamka apewe ya mg 4, wengine mg 2. Haitafunwi kama ya watoto. Aitafune polepole hadi iwashe kama pilipili, aiegeshe kati ya shavu na ufizi, muwasho ukiisha aitafune tena, kwa nusu saa. Akiifanyia haraka atameza nikotini, apate kwikwi na kiungulia, aitupe akisema haifai. Kahawa na soda huzuia nikotini kupenya kinywani, kwa hiyo baada ya kinywaji asubiri dakika 15. Mwenye meno bandia itamnatia. Mtafutie tembe za nikotini za kunyonya.

Jambo linalosahaulika zaidi ni dawa zake nyingine. Moshi wa sigara hufanya ini liondoe baadhi ya dawa upesi. Akiacha, dozi ileile hugeuka kubwa: aminofilini ya kifua, warfarini ya kuzuia damu kuganda, olanzapini na klozapini za magonjwa ya akili. Dalili za aminofilini kuzidi ni moyo kwenda mbio, kutetemeka na kichefuchefu. Pelekeni dawa zote kliniki kabla ya siku ya kuacha, na mtajieni daktari ugonjwa wowote wa moyo. Anayetumia insulini apime sukari mara nyingi zaidi.

Siku ya 2 na ya 3 ndizo kali. Kikohozi kinaweza kuongezeka wiki za mwanzo, mapafu yakijisafisha. Makohozi yenye damu au kukonda si sehemu ya kuacha, nendeni hospitali.

Usikubali abadilishe sigara kwa ugoro: ni nikotini ileile, na huleta saratani ya kinywa. Mkihitaji ushauri wa simu, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Akiteleza akavuta moja, asibandue plasta wala asihesabiwe kuwa ameshindwa. Muulize kwa upole: "Mzee, ilikuwa saa ngapi, na mlikuwa na nani?" Kesho yake, chingamu iwe mfukoni mwake kabla ya saa hiyo kufika.