Jinsi ninavyotafakari Injili kabla ya kwenda sokoni

Mimi nauza mitumba Owino hapa Kampala na wenzangu wananiuliza muda wa kutafakari naupata wapi. Ni dakika 15 tu alfajiri. Njia yenyewe ni Lectio Divina, yaani kusoma Maandiko kwa sala, hatua zake nne zilipangwa na mtawa Guigo wa Pili karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele ya Mungu.

Usiku tafuta kabisa Injili ya Misa ya kesho, weka alama kwenye Biblia. Ukingoja asubuhi utaishia kwenye simu, WhatsApp itakumeza.

1. Saa kumi na moja kaa, fanya ishara ya msalaba, mwite Roho Mtakatifu. Data zima.

2. Soma polepole mara mbili, midomo itembee. Tuchukue Marko 10:46-52, Bartimayo kipofu wa Yeriko. Usitafute mahubiri, ngoja neno moja likushike.

3. Likikushika baki hapo hapo, usiendelee. Mimi lilinishika vazi. Yesu anamwita, jamaa analitupa vazi lake anaruka juu, na mimi nguo ndio kazi yangu, koti najua thamani yake, ombaomba koti ndio blanketi lake usiku, halafu haoni, akilitupa kwenye umati ule atalipata wapi tena? Na analitupa kabla hajapona! Nikakaa hapo nauliza, Bwana, vazi langu mimi ni lipi, mara likaja deni ninalomdai rafiki yangu mmoja ambalo nimelishika moyoni tangu Pasaka, hata salamu simpi.

4. Sasa ongea naye, Kiganda, Kiswahili, Kilugbara, yoyote ile. Yesu alimuuliza kipofu anataka nini wakati kila mtu anaona kuwa ni kipofu, kwa hiyo na wewe taja kitu chenyewe.

5. Nyamaza kidogo. Mawazo ya bei na wateja yatakuja tu, usigombane nayo, rudia lile neno. Kuna siku hakuna kinachokugusa, kaa hivyo hivyo mpaka muda uishe, hiyo nayo ni sala.

6. Toka na kitu kimoja cha kufanya. Soko letu la Owino kwa jina rasmi ni la Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 15, 1885 kwa sababu alimkemea Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, juu ya kuuawa kwa Hannington, askofu wa Kianglikana, basi nikiingia sokoni namuomba anisaidie nisiogope. Saa sita, kwenye sala ya Malaika wa Bwana, narudia lile neno tena. Siku ile ya vazi nilimpigia rafiki yangu saa sita hiyo hiyo, nikamwambia njoo tule, ya deni tutayaongea taratibu.