Somo: Namna ya kutazama maonyesho ya kauri kongwe za Ulaya

Watu wengi wakiingia kwenye ukumbi wa kauri (yaani vyombo vya porcelain) hukimbilia kinachong'aa zaidi, husema "sahani nzuri hizi", kisha hutoka. Ukifuata mpangilio huu utaona mengi. Mfano wangu ni Porzellansammlung, makumbusho ya kauri yaliyomo katika jumba la Zwinger mjini Dresden, Ujerumani. Kiini cha mkusanyo huo kilitoka kwa mtu mmoja aliyeshikwa na wazimu wa kauri: August der Starke, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland.

Hatua ya 1: Anzia China. Usiende kwanza kwenye vyombo vya Kizungu. Kwa miaka mingi Ulaya ilinunua kauri za China na Japani kwa fedha nyingi bila kujua zinatengenezwaje. Tafuta mitungi mirefu ya buluu na nyeupe yenye vifuniko. Mwaka 1717 August alimpa mfalme wa Prussia askari 600, naye akapokea vyombo 151 vya Kichina, mitungi ya namna hii ikiwemo. Piga hesabu ukiwa umesimama pale: karibu watu wanne kwa chombo kimoja.

Hatua ya 2: Usivipite vyombo vyekundu. Vinafanana na udongo wa kawaida, ndiyo maana wageni huviruka. Johann Friedrich Böttger alikuwa kijana aliyejigamba kwamba anaweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu. August akamweka kizuizini ili amtengenezee hiyo dhahabu. Haikupatikana. Msomi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, ambaye tayari alikuwa akitafiti kauri, akamvuta kwenye kazi hiyo, na matunda ya awali yalikuwa vyombo hivi vyekundu. Ni vigumu kiasi kwamba vilikatwa na kung'arishwa kama vito. Tazama kingo zake zilivyo kali.

Hatua ya 3: Inama mbele ya kauri nyeupe. Njia ya kuitengeneza ilipatikana mwaka 1708, na kiwanda kikafunguliwa mwaka 1710 ndani ya ngome ya Albrechtsburg, mjini Meissen. Siri yake ni udongo mweupe wa kaolini, uliochanganywa na mawe yanayoyeyuka na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi. Shusha macho hadi usawa wa ukingo wa kikombe, taa ikiwa upande wa pili. Kauri ya kweli hupitisha mwanga. Udongo wa kawaida hauupitishi hata ukiwa mwembamba.

Hatua ya 4: Kaa sana kwa wanyama. Hapa mimi humaliza nusu ya muda wangu. Miaka ya 1730 August alitaka wanyama wakubwa wa kauri kwa ajili ya Kasri lake la Kijapani, mjini Dresden. Wachongaji wakuu walikuwa Johann Gottlieb Kirchner na Johann Joachim Kändler. Kazi ilikuwa karibu haiwezekani, kwa sababu kauri hunywea ikikauka na ikichomwa, na umbo kubwa nene halinywei sawasawa. Ndiyo maana utaona nyufa kubwa kifuani na mgongoni. Usidhani sanamu hizo ziliangushwa, zilitoka tanurini hivyo, na mfalme akazipokea.

Mtafute kifaru wa Kirchner. Aliyezoea kifaru wa Ngorongoro atacheka: huyu amevaa deraya kama askari, na ana kipembe kidogo mabegani. Kirchner alifuata mchoro wa msanii Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1515, naye Dürer hakuwahi kumwona mnyama mwenyewe, aliyeletwa Lisbon kutoka India. Kwa maoni yangu kazi za Kändler zinashinda hapa, maana yeye aliwatazama wanyama kwa macho yake, na ndege wake wanaonekana kama watakudonoa.

Hatua ya 5: Seti ya Bata Maji, yaani vyombo vya mezani. Kändler na wasaidizi wake waliitengeneza kati ya 1737 na 1742 kwa ajili ya Heinrich von Brühl, waziri wa Saxony. Ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000. Itazame kwa ubavu. Ukiikabili moja kwa moja, mabawa na mawimbi yaliyochongwa kwa kina kidogo hupotea kwenye weupe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimeona kikombe mnadani kina panga mbili za buluu chini. Ni Meissen halisi?*

Marahaba. Panga hizo zilianza kutumika mwaka 1722, na ni alama iliyoigwa kupita kiasi. Usinunue kwa alama peke yake. Angalia pia kama kuna mkwaruzo uliokatwa juu ya panga: kiwanda kiliutumia kuonyesha kwamba chombo kina kasoro.

*Bibi yangu Lamu ana bakuli za maua zilizoandikwa Petrus Regout, Maastricht. Je, ni kauri?*

Hapana, ni udongo mweupe uliopakwa tabaka la kioo, kazi ya kiwanda cha Uholanzi kilichouza sana pwani yetu. Zile za zamani zaidi kwenye zidaka za Lamu aghalabu ni za Kichina. Lakini mwambie bibi asizigawe.

*Ndugu, mimi niko London, Dresden ni mbali. Nifanyeje?*

Nenda makumbusho ya Wallace Collection, kiingilio ni bure. Huko utakutana na kauri ya kiwanda cha Sèvres cha Ufaransa, tofauti kabisa na Meissen: kwa miaka mingi Wafaransa hawakuwa na kaolini yao, hivyo walitumia mchanganyiko laini unaochomwa kwa joto dogo zaidi. Faida yake ni kwamba rangi huzama ndani ya tabaka la kioo, ndiyo maana buluu na kijani chao vina kina kile. Lebo ikikuonyesha alama ya L mbili zilizopishana, tafuta herufi iliyo katikati. Tangu 1753 ilitaja mwaka wa kutengenezwa.