Kabla hujashuka baharini kuchukua maji ya utafiti wa vijidudu

Kibali kwanza. Zanzibar hutoa chake, cha Bara hakitoshi. Kisha pita kwa sheha na kwa wavuvi wa pale, wakujue.

Tazama mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na Ghuba ya Chwaka haina kina: ukichelewa, chombo kinakaa mchangani. Tena maji yanayotoka mikokoni yakipwa hayana vijidudu sawa na yale yanayoingia yakijaa. Andika saa, joto na chumvi palepale, kwa penseli.

Glovu, chupa zilizosafishwa kwa mvuke, chujio za mikromita 0.22. Chota upande wa omo, mbele ya chombo, mbali na mashine.

Sasa barafu, na hapa ndipo watu wanapoumia. Nimemwona mwanafunzi mmoja, binti makini, kaanza kazi alfajiri. Barafu kanunua dikoni, ileile ya samaki, kaimwaga juu ya chupa ndani ya deli. Adhuhuri imeshayeyuka: chupa zimelala ubavu, vifuniko vimezama kwenye maji yenye magamba. Akaja kuchuja kesho yake. Majibu yalipotoka, vibrio, bakteria wa aina moja, wamejaa kila chupa, za mikokoni na za mwambani sawasawa. Hakuna aliyeweza kumwambia kama wametoka baharini, kwenye barafu, au wamezaliana humohumo. Mililita 1 ya maji ya bahari huwa na bakteria wapatao milioni, nao wako hai. Wafungie kwenye joto, na wepesi wa kuzaana watawazidi wenzao ndani ya saa chache tu. Kazi yote ile ikaenda bure, nami hadi leo inaniuma.

Basi gandisha maji ndani ya chupa za plastiki, hiyo ndiyo iwe barafu yako. Chuja siku hiyohiyo, ufukweni ikiwezekana, ugandishe chujio, si maji. Na beba chupa moja ya maji yasiyo na kijidudu: ifunguliwe kulekule, isafiri na wenzake, ichujwe vilevile. Vibrio wakionekana humo, unajua hawakutoka baharini.

Ukichota karibu na Mji Mkongwe, maji taka huingia pale: usivute mpira kwa mdomo, funika vidonda. Vaa viatu, samaki aitwaye taa hujificha mchangani. Jaketi la kuokolea, maji ya kunywa, na mtu pwani anayejua saa ya kurudi kwenu. Nahodha akisema turudi, rudini.