Otoklevu ya maabara ikilia katikati ya kazi, anzia hapa

Wenzangu wa maabara, otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha, ikianza kupiga kelele taa nyekundu inawaka, tafadhali usikimbilie kubonyeza riseti. Soma geji ya presha na joto, andika kodi ya hitilafu iliyotokea, na andika mashine ilikuwa inafanya nini, inapanda joto, inashikilia au inatoa mvuke, maana hapo ndo utapata jibu hata kabla hujafungua manyuali.

Mlango usiguse mpaka geji isome sifuri. Kama ndani kuna chupa za midia (chakula cha kuoteshea vijidudu) subiri joto lishuke chini ya nyuzi 80, kwa sababu presha inaweza kuisha huku kimiminika bado kina moto kupita kiasi, ukitikisa chupa tu kinafoka usoni.

Ikilia mwanzoni kabisa, mara nyingi ni maji. Ukikuta maji yapo na bado inadai hakuna, cheki senza, maana kuna senza zinazotambua maji kwa kupitisha umeme kidogo, sasa ukiweka maji yaliyotolewa madini yote umeme haupiti, mashine inaona tupu. Na maji ya kisima yenye chumvi yanajenga ukoko kwenye senza na hita, kwa hiyo weka aina ya maji ambayo manyuali inataka.

Inachemka weee na presha haipandi? Gasketi ya mlango hiyo. Sikiliza inapozomea ila usipapase kwa mkono, mvuke ukitoka tunduni hauonekani na unaunguza vibaya. Zima, iache ipoe, futa agari (jeli ya midia) iliyoganda, kagua nyufa.

Inayosumbua watu kuliko zote ni hii: presha iko sawa, joto halifiki nyuzi 121. Hapo kuna hewa imenaswa ndani, inasukuma geji lakini haiui vijidudu kama mvuke. Toa chujio la drein (tundu la kutolea maji na hewa) chini ya chemba, utakuta agari, lebo, vipande vya vioo, osha vizuri. Punguza mzigo, mifuko usiifunge kwa kukaza, vyombo vitupu vilaze ubavu ili hewa itoke. Na mliopo miinuko mzingatie hili, Dar geji ikisoma psi 15 (psi ni kipimo cha presha) una nyuzi 121, lakini Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, psi 15 ileile inakupa kama 118 tu, unahitaji kama 18, kwa hiyo fuata joto sio geji.

Joto likishuka wakati wa kushikilia, au umeme ukikatika, dakika zinaanza upya zote, usiendeleze ulipoishia. Tepu ya otoklevu inayobandikwa kwenye mzigo kubadilika rangi inaonyesha tu kwamba joto limepita hapo, haithibitishi kuwa vijidudu vimekufa. Baada ya matengenezo yoyote pima kwa spora za bakteria sugu kwa joto, Geobacillus stearothermophilus, kabla hujaamini mashine.

Ikilia kwa presha kuzidi, kata umeme kwenye swichi ya ukutani, toa watu chumbani, acha ipoe yenyewe. Valvu ya usalama usiikaze wala kuiziba hata kama inavuja na kazi zimerundikana, na ikishafyatuka mara moja bandika karatasi ya USITUMIE mlangoni mpaka fundi wa vifaa tiba aje aikague.