Mwandiko wa mtoto: anza na duara, usianze na a b c

Wazazi wenzangu wenye watoto wa la kwanza na la pili, mwandiko mzuri sio kipaji, ni mwendo wa mkono na mkono unafundishika, tena mtoto akishaunogewa unamwita kula haji. Tangu KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, ianze kutiliwa mkazo 2015 hapa Tanzania kuandika kumepewa nafasi yake, ila darasa likijaa mwalimu hawezi kumshika kila mtoto mkono, hapo ndo sisi wa nyumbani tunaingia.

Kwanza akae vizuri. Miguu iguse chini, kiti kikiwa kirefu weka hata tofali. Penseli inashikwa na vidole vitatu, gumba na cha shahada vinabana, cha kati kinabeba kwa chini. Papasa nyuma ya karatasi, ukikuta maandishi yametokeza ujue anakandamiza mno, mwambie alegeze, mana mkono uliokaza unachoka haraka na mtoto anaanza kuchukia. Vipande vifupi vya penseli msitupe, vinakaa vizuri kwenye mkono mdogo kuliko penseli ndefu.

Daftari lilale kidogo, anayetumia kulia upande wa juu uelekee kushoto, mashoto kinyume chake na ashike penseli juu kidogo ili aone anachoandika. Na mtoto mashoto jamani muacheni na mkono wake, kumchapa vidole ahamie kulia ni kumuonea tu.

Sasa herufi zenyewe, na hapa ndo pa kutulia. Usifuate mpangilio wa alfabeti, fuata mwendo. o, a, d, g ni ndugu, zote zinaanzia juu kulia, zinazunguka kwenda kushoto, zinashuka na kupanda tena. Chukua a: penseli inaanza juu, inarudi kushoto, inapita chini, inapanda mpaka inafunga pale ilipoanzia, halafu bila kunyanyua inashuka na kijiti mpaka mstarini na kuacha kamkia kadogo kulia. Hako kamkia usikadharau, ndo katakuja kushika herufi inayofuata akifika kwenye mwandiko wa kuunganisha. Kiswahili kimejaa a kila kona, kwa hiyo a ikikaa sawa ukurasa mzima unapendeza. d ni a ileile ila kijiti kinapanda juu kabisa kabla ya kushuka, na mtoto aliyefika d kwa njia ya a haichanganyi sana na b, mana b yenyewe inaanza na kijiti.

Kwa herufi hizo nne tu tayari ana maneno ya kweli: dada, doa, oga, gogo, dogo. Aanze kwa kidole mchangani, kubwakubwa, afu hewani, ndo aje kwenye daftari la mistari minne. Baada ya hapo matao, n, m, h, b, p, na utapata ngoma, homa, mganga, pamba. Zenye mishazari kama k, v, w, z ziache mwisho, ngumu hizo.

Kitu kingine wengi hatukiangalii ni urefu wa maneno yetu. Mtoto akifika kwenye "wanatusubiri" anapumzika katikati, akirudi anaacha nafasi na inakuwa "wana tusubiri", afu anapewa kosa. Alitamke neno zima kwanza kwa sauti, aandike mpaka liishe, ndo aweke nafasi ya kidole chake kimoja.

Dakika kumi kwa siku zinatosha kabisa. Usimzungushie makosa kwa wino mwekundu, muulize yeye a ipi kwenye mstari ni nzuri kuliko zote aizungushie mwenyewe, utaona anavyokagua kwa makini na anavyochekelea akiipata. Halafu mpe kazi ya kweli, yani aandike karatasi ya dukani, sukari nusu, nyanya, kiberiti, na muuza duka aisome.

Peni isiwe na haraka. Subiri mpaka herufi zikae mstarini bila kusimamiwa, na ikifika muda mnunulie isiyovujisha na isiyoteleza sana, mana peni inayokimbia inaharibu matao yote aliyoyasotea kwa penseli.